Slobog ya Bu Wagiyem

Saa ya kupaka rangi ilipofika, Nesi Ester aligawa karatasi na penseli katika wodi ya wanawake. Waliosubiri kupasuliwa waliipenda saa hiyo, maana mkono ukipata kazi, moyo nao hupumua. Ila Ester kwao ni Manado, ng'ambo ya bahari kutoka Solo, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: alichapisha michoro ya batiki ya Solo bila kuuliza upi ni wa nini. Bu Wagiyem akaangukiwa na mchoro wa slobog.

Alikuwa fundi wa batiki tangu usichana, na slobog aliitilia nta kwa ajili ya kufunika maiti tu. Naye kesho yake alikuwa atolewe uvimbe tumboni.

"Sipasuliwi tena," alimwambia Ester. "Nirudisheni nyumbani."

"Kwani kuna nini, Bu, mama yangu?"

Wagiyem aliisukuma tu karatasi pembeni. Jambo kama hilo ukilitamka umeliita.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Bu Poniyah, muuza pecel, zile mboga za mchuzi wa karanga, aliyekwisha kupasuliwa, na mdomo wake hauna breki. Alichungulia. "He! Nani kafa?"

"Mimi. Kesho."

"Lete hapa, chukua yangu."

"Wewe! Nikupe kifo changu?"

"Kilishakuja kwangu, nikakigombeza kikakimbia." Akaipokonya karatasi, akaanza kuipaka pinki, kisha kijani cha kasuku, na mistari hakuifuata hata mmoja.

Wagiyem alivumilia, akashindwa. "Poniyah! Pinki kwenye slobog? Hiyo hata paka hazikwi nayo!"

"Sasa wewe utazikwaje nayo?"

Wagiyem akaangua kicheko. Poniyah naye akacheka huku kashika tumbo, akilia, "Wee, nyuzi zangu!" Kicheko kilipokwisha, machozi yakafuata.

"Naogopa, mwenzangu," Wagiyem alisema, na kusema tu kulimpunguzia mzigo.

"Hata mimi niliogopa. Nilimtapikia daktari viatuni."

Wagiyem akafuta macho, akamwita Ester. "Mwanangu, kesho nipelekeni. Na siku nyingine uliza kwanza."

Alipofumbua macho baada ya kupasuliwa, koo lilimkwaruza, na uso ulioinama juu yake ulikuwa wa Poniyah.

"Niko wapi?"

"Peponi. Mimi ndiye malaika."

Wagiyem alimtazama vizuri, nywele timutimu, meno mawili hayapo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi sijafa."