Kifuu cha Mzee Orisi

Redio ilipolitaja jina la Vereniki, Ilaitia alikuwa ameshafikisha kifuu cha yaqona, kinywaji chao cha mizizi, mdomoni, na nusu yake ikamwagikia shuka ya sulu aliyoivaa kiunoni. Hakuna aliyemcheka. Wanaume wote waliokaa mkekani walikuwa wameduwaa, wameikodolea macho ile redio iliyoning'inia kwenye nguzo utadhani imewatukana.

"Wamesema Vereniki?" aliuliza Maciu.

"Wamesema Vereniki."

"Huyu wetu? Huyu anayekoroma chumba cha nyuma?"

Basi nyumba ikalipuka. Waisake, binamu yake Ilaitia na msemaji wa ukoo, alisahau uzito wa cheo chake na tumbo lake akaruka juu, jezi yake nyeupe yenye jina la Vereniki mgongoni ikapanda mpaka kitovuni. Timu ya taifa ya raga! Mechi na Tonga! Na kijana mwenyewe amelala hapo nyuma ya pazia, hajui lolote.

Ilaitia alifurahi, naye ni baba, asingeacha kufurahi. Lakini alishtuka zaidi kuliko alivyofurahi. Vereniki alikuwa winga mwenye mbio ambazo nchi nzima ilizijua, na majeraha ambayo nchi nzima iliyajua vilevile. Goti la kulia lilipasuliwa mara mbili. Bega liliteguka, taya likavunjika. Mwaka jana huko Ufaransa, alikokuwa akilipwa kucheza, aligongana kichwa na jitu moja nene kama fahali akabaki amelala kwenye nyasi, hajitikisi. Alipoinuka aliwapungia watu mkono, kwa hiyo hilo kijijini Navulevu hawakulihesabu. Kilichohesabiwa ni goti. Goti ndilo lililomrudisha nyumbani kupumzika, na habari za goti ndizo walizokuwa wakiulizana watu njiani, kisimani na kanisani.

Wakamwamsha. Akatoka akijinyoosha, kichwa kinakaribia kugusa boriti, akakaa chini kwa adabu karibu na mlango.

"Umeitwa timu ya taifa," Ilaitia alimwambia. "Ina maana kocha hakukupigia simu?"

Vereniki alifikiri kidogo. "Ah. Alinipigia. Jumatano, nadhani. Anataka jibu leo."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Ilinipitia, Baba."

Wakaangua kicheko. Ilimpitia! Kuitwa timu ya taifa kumpitie mtu kama kununua chumvi! Waisake alipiga paja kwa furaha, akasema huo ndio unyenyekevu, vijana wengine wangeshapanda juu ya paa kutangaza.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" Ilaitia aliuliza.

"Baba akisema niende, nitakwenda. Akisema nikae, nitakaa." Kisha akaomba ruhusa akajimwagie maji.

Hapo ndipo Ilaitia alipojisikia vibaya. Katika nyumba ile, aliyekuwa akijua kusema hapana ni baba yake, mzee Orisi. Hapana ya mzee haikuwa na rufaa, hata mchungaji aliiogopa. Tangu wamzike, Ilaitia alikuwa mtu wa ndiyo. Alikubali kila mchango, kila ombi, kila ugomvi ulioletwa mlangoni. Hata mahali pa mzee, pale juu, upande wa heshima, penye mkeka wenye nyuzi nyekundu pembezoni, hakuwahi kupakalia. Palibaki patupu, na watu walipazunguka wakipita.

"Goti lile halina gundi tena," Maciu alianza. Maciu alitoka kisiwa cha pili akaoa hapa, na watu wa kisiwa kile na hawa ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alisema atakalo na hakuna wa kumnunia. "Mkimpeleka Suva kucheza, mpelekeni na toroli la kumrudishia."

"Kelele, mla popo wee!" Waisake alifoka.

"Bora mimi nakula popo. Nyie mnakula magoti ya mtoto wa watu kila Jumamosi."

"Hukumwona jana ufukweni? Anapanda kile kilima cha mchanga na gunia la muhogo mgongoni, juu chini, juu chini, kama hana akili nzuri! Goti limepona. Hata mimi nimelishika kwa mkono wangu."

"Daktari Waisake! Ulisomea wapi, kwenye banda la nguruwe?"

"Nilisomea kwenye uwanja, bwana, wakati wewe unakimbia mpira kama unakimbia deni. Niambie, bila Vereniki nani atamkimbiza yule winga wa Tonga? Wewe?"

"Mimi nitamkimbiza kwa ulimi."

"Mwacheni mtoto apumzike," alisema Asenaca, mama yake Vereniki, akiwa mlangoni na mbuzi ya nazi mkononi. "Hamjui hata analalaje. Analala kama mgonjwa."

"Mama, winga anatakiwa alale," Waisake alimjibu kwa upole wa kumnyamazisha.

"Na panga je?" Maciu aliongeza, akicheka mapema kabla ya kusema. "Juzi kaenda shamba na panga, karudi mikono mitupu. Namuuliza, panga liko wapi? Ananiambia, panga gani?"

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Kukaa sana Ufaransa huko, wakasema, mtu atakumbuka panga? Ilaitia naye alicheka. Baadaye kicheko hicho kilimuuma kuliko neno lolote alilowahi kutukanwa.

Ubishi ukanoga. Kila aliyewahi kugusa mpira wa raga alitoa hukumu yake, na hata asiyewahi. Mmoja alisema goti linalopasuliwa mara mbili huwa gumu kuliko la kuzaliwa nalo. Mwingine akasema upuuzi, kwani sulu ikishonwa mara mbili inakuwa mpya? Ilaitia alisikiliza. Moyo mmoja ulimwambia mtoto ameumia vya kutosha. Moyo wa pili ulishaanza kuisikia redio ikilitaja jina lile tena, siku ya mechi, kisiwa kizima kikinyamaza kulisikiliza.

Alipoinua macho, Waisake hakuwepo. Wakadhani amekwenda haja. Aliporudi alikuwa amevaa shati la kanisani juu ya ile jezi, uso hauna mzaha hata kidogo, na mikononi amebeba jino la nyangumi, la rangi ya asali, kamba yake ya kusukwa ikining'inia.

Hata Maciu alifunga mdomo, jambo lisilo la kawaida.

Jino la nyangumi si zawadi. Likiletwa mbele yako linakuja na ombi, na mikono yako ikishalipokea, ombi umelikubali. Kwa jino watu wa Navulevu walioza mabinti, walimaliza vita, walitoa ardhi. Mpira hawakuwahi kuuletea jino. Waisake, kwa mapenzi yake ya raga, ndiye wa kwanza.

Alipiga magoti, akalinyanyua kwa mikono miwili. Aliongea kwa sauti ya msemaji wa ukoo, sauti ya misiba na harusi. Aliomba, kwa niaba ya Navulevu nzima, kijana aende akavae jezi ya nchi yake. Kisha akalishikilia jino hewani, akisubiri.

Ilaitia alijua angeweza kukataa. Lakini Waisake angetoka pale mtu mdogo kuliko mtoto, na kijiji kingelisimulia jambo hilo miaka na miaka. Alimtazama mkewe. Asenaca alitikisa kichwa, kidogo sana. Ilaitia akanyoosha mikono akalipokea jino.

Makofi yakapigwa, ya viganja vilivyokunjwa, mazito. Imekwisha. Vereniki atakwenda Suva.

"Sasa mwenyewe atuhudumie!" Waisake alisema, jasho likimtiririka kwa furaha. "Mikono ya Vereniki ibarikiwe! Njoo, mwanangu, chukua kifuu."

Vereniki aliingia, nywele zimelowa, akaambiwa neno limepita. Akatabasamu, akasema asante kwa wazee. Alikaa mbele ya bakuli kubwa la mbao, akachota, akainuka na kifuu kilichojaa, hatikisi tone. Watu walilitazama goti. Lilikunjika vizuri, likanyooka vizuri. Waisake alimfinya Maciu kumwonyesha.

Kifuu cha kwanza kilikuwa cha Ilaitia. Kila aliyemo alilijua hilo, mtoto wa miaka sita angelijua. Ilaitia alishakutanisha viganja tayari kupiga kofi la kupokea.

Vereniki alimpita baba yake. Alimpita Waisake. Akaenda mpaka juu, kwenye mkeka wa nyuzi nyekundu, akapiga magoti kwa ile heshima ya zamani, kichwa chini, akakinyoosha kifuu mbele yake.

"Babu," alisema. "Karibu."

Maciu alicheka kwa sauti. "Haya, na mizimu nayo inataka kwenda Suva!"

Wengine wakacheka. Vereniki hakucheka. Alisubiri. Akainua kichwa, akatazama mkeka mtupu, kisha akageuka akawatazama wote, mmoja mmoja, paji la uso limekunjamana.

"Babu katoka? Mbona hamjaniambia? Tunaanzaje kunywa kabla hajarudi?"

Kicheko kilikatika. Asenaca aliangusha mbuzi ya nazi. Vereniki ndiye aliyelibeba jeneza la mzee Orisi, mbele, upande wa kulia, kwa bega lile lililoteguka. Alikuja kwa ndege kutoka Ufaransa kwa ajili hiyo. Ndiye aliyelia kuliko wote. Na sasa ameshika kifuu, anamsubiri, na machoni mwake hamna mzaha wowote wala hila. Ilaitia alijisikia kama mtu aliyepigwa kifuani na mti. Panga gani. Ilinipitia, Baba. Analala kama mgonjwa. Walikuwa wakilitazama goti tu, kichwa hakuna aliyekiuliza, wote, na yeye baba mzazi akiwa wa kwanza.

"Mungu wangu," Maciu alinong'ona. "Mungu wangu, na mimi nimecheka."

Vereniki alikuwa bado amekishika kifuu. Alishaona nyuso zao. Alishajua kuna kitu amekosea, hajui nini, na aibu ilikuwa inampanda shingoni kama kwa mtoto aliyesahau sala mbele ya kanisa zima.

Ilaitia aliinuka. Jino alikuwa nalo mkononi. Alipita katikati ya watu, akafika juu, akaukanyaga mkeka ambao hakuwahi kuukanyaga, akakaa mahali pa baba yake. Ilaitia akapiga kofi moja, akakipokea kifuu kutoka mikononi mwa mwanawe, akanywa chote bila kupumzika, akapiga makofi matatu. Hakuna aliyemwitikia. Walikuwa wamesahau mikono yao.

"Waisake," alisema. "Sogea hapa."

Waisake alisogea kwa magoti.

Ilaitia alilinyanyua jino kwa mikono miwili. Hakuna mtu hai Navulevu aliyewahi kuona jino likirudishwa, na Ilaitia hakuwa na maneno ya kufanyia hivyo, kwa sababu maneno hayo hayapo.

"Nimelipokea mbele ya watu, nalirudisha mbele ya watu. Nitukaneni mnavyotaka. Mwanangu haendi."

Sauti ilitoka kavu, ya mzee Orisi kabisa, hata Asenaca aligutuka. Waisake hakunyoosha mikono. Alilitazama jino, akautazama mlango kana kwamba kijiji kizima kimesimama nje kinasubiri jibu.

Vereniki alikuwa bado amepiga magoti kati yao. Alimgusa baba yake goti kwa vidole viwili, taratibu, asije akamwaibisha mbele ya watu.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "sasa Babu akirudi atakaa wapi?"

Waisake alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea jino.