Nzuri, Ila

Perez alikuwa fundi wa kukaanga ngege, wale samaki wa ziwani, na sisemi hivyo kumpamba. Muulize yeyote aliyeshuka gatini Asembo Bay miaka ile. Lakini kufika mwaka wa sabini na moja, karai lake lilikuwa limelala kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wakilipanda na kulinyea, na mwenyewe hathubutu hata kulipangusa.

Sababu ilikuwa mume wake, Zadock. Alikuwa kibarua wa kupakia pamba melini. Siku moja kamba ikakatika, robota likamwangukia kiunoni, na tangu hapo miguu yake ikawa ya kubebwa tu. Nani anamlipa kibarua fidia? Wenzake walichanga kidogo, wakamleta nyumbani juu ya ubao, wakaenda zao.

Ndipo ukaja Mfuko wa Wasiojiweza, kazi ya kamati moja ya Kisumu. Watu wema, wacha tusiwaseme sana. Kila mwisho wa mwezi mgonjwa aliyeandikwa alipata gorogoro sita, ile mikebe ya kilo mbili mbili, za mahindi ya njano na moja ya maharagwe. Sharti lilikuwa moja: katika nyumba hiyo asionekane mtu anafanya biashara. Ukikaanga hata samaki mmoja wa kuuza, basi unajiweza, na jina linafutwa.

Sasa hebu niambie wewe. Gorogoro sita, watu wazima wawili, mwezi mzima! Perez alisonga ugali mdogo mpaka Zadock akauliza kama kuna mtu ametangulia kula. Ikifika siku ya kumi na nane gunia lilikuwa la kukung'uta. Siku zilizobaki walizimaliza kwa uji mwepesi na mboga za porini, na Perez kujipitisha kwa jirani yake Seline saa ile sufuria inaepuliwa. Kwa Mfuko peke yake hawakuweza kuishi. Kwa karai peke yake pia hawakuweza, maana Zadock alitaka kugeuzwa kitandani kila baada ya muda, la sivyo mgongo unaoza. Nani atashinda gatini kutwa nzima? Vyote viwili pamoja, karai asubuhi na mahindi mwisho wa mwezi, wangeishi kama watu. Na hicho ndicho kilichokatazwa. Perez alikasirika sana moyoni, lakini alinyamaza. Alichoogopa ni kufutwa, basi.

Mwezi wa nane zikaja habari kwamba Mfuko unamtuma mtu kupita nyumba kwa nyumba, aone nani kweli hajiwezi. Jina lake Walubengo.

"Usioge siku hiyo," Seline akamshauri. "Vaa ile gauni imechanika kwapani. Akikusalimia tu, lia."

"Nilie kabla ya salamu? Mimi nimerukwa na akili?"

Zadock naye alikuwa na yake, akimwita mkewe kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Mama Dorca, mtu atoke Kisumu na baiskeli mpaka kwangu, halafu anywe maji aende? Kilichovunjika ni kiuno, si heshima."

"Baba Dorca, huyo haji kutembea. Anakuja kutupima."

"Akishaingia hapa ni mgeni."

Walibishana siku mbili. Tena Seline, badala ya kumsaidia mwenzake, akatia utani wake. "Walubengo? Si huyo ni Mbukusu, na hao kwa kuku hawajiwezi! Wekea yeye kuku, mama, atakuandika mpaka ushangae." Wakacheka. Perez naye, kwa kuchoka au kwa kutumaini, akaazima jogoo wa Seline. Kuazima kuku kwetu si ajabu: unachinja wa mwenzio, ukipata unamrudishia wa kiasi kile kile. Akaazima na vitambaa vya kufunika viti, na sahani zenye maua.

Walubengo alifika saa sita, shati jeupe, daftari kwapani. Kijana wa adabu, hata Perez alimpenda. Aliketi karibu na kitanda, akafungua daftari, akaanza.

"Mzee, habari ya afya?"

"Nzuri," Zadock akajibu.

"Na habari ya chakula?"

"Nzuri."

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa anaelewa mambo haya. Hata kama maiti imelazwa ndani, ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza. Nzuri, ila mama ametuacha. Nzuri, ila nyumba imeungua jana. Hiyo nzuri ni ya kumpokea mtu tu, habari yenyewe inakuja baada ya ila. Zadock alikuwa ameshavuta pumzi, ila yake iko mdomoni, wakati Perez alipoingia na maji ya kunawa, na nyuma ya maji akaleta kuku.

Basi maneno yakaisha. Chakula kikiletwa nani anazungumzia shida? Walubengo alikula vizuri, akapewa firigisi, akasukumiwa paja la pili. Zadock alisema ameshiba tangu asubuhi. Mwongo! Perez alisimama mlangoni akimeza mate, akajiambia, akimaliza nitasema. Nitasema yote.

Alipomaliza, Walubengo alinawa, akaandika mistari miwili, akafunga daftari.

"Bwana Walubengo," Perez akaanza, "ila..."

"Mama, nimeshiba kabisa, asante sana. Nina nyumba tisa bado." Akapanda baiskeli. Perez alibaki anaangalia vumbi, na moyo wake ukashuka, maana mistari ile miwili ilikuwa mifupi mno.

Mwisho wa mwezi alikwenda na gunia lake kwenye stoo ya Mfuko, akapanga foleni tangu alfajiri. Yakasomwa majina ya Asembo yote. La Zadock halikusomwa. Walubengo alikuwa pale mezani na daftari lile lile, na Perez akaenda mpaka mbele yake.

"Bwana, umetuacha nje."

Walubengo akapekua kurasa. "Mama, nimeandika nilichosikia na nilichokiona. Afya nzuri, chakula kizuri. Mlikuwa na kuku."

"Kuku wa kuazima! Mpaka leo sijamlipa mwenyewe!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ukiwa na paja mkononi? Wewe ukienda kwenu, mama yako anamwambia mgeni kwamba kuku si wake?"

Walubengo alitazama daftari, akatazama mikono yake. "Hangesema," alijibu taratibu. "Hata mimi ningemzuia." Kisha akaeleza kwamba orodha imeshapelekwa kwa kamati, imepigwa muhuri, na ukaguzi mwingine ni mwakani. Pole, mama. Alisema pole mara tatu, na Perez aliona kwamba pole zenyewe zilikuwa za kweli. Lakini pole haijai gunia.

Alirudi nyumbani jua kali. Zadock alisikia hatua zake, akapaza sauti kutoka kitandani.

"Mama Dorca! Habari ya huko?"

"Nzuri," Perez akasema.

Zadock akangoja. Perez hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akawafukuza kuku wa Seline, akalipindua karai. Alichota mchanga na majivu, akapiga magoti, akaanza kusugua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa michafu. Kesho angekwenda kwa wavuvi kuchukua ngege kwa mkopo. Angekaa gatini tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu hakuna tena mahindi ya kumruhusu kurudi mapema.

Sauti ya kusugua ilipenya ukutani. Zadock aliijua sauti hiyo miaka mingi kabla ya robota.

"Mama Dorca," aliita, safari hii polepole. "Nzuri, ila nini?"

Perez aliacha kusugua.

"Ila kuanzia kesho, Baba Dorca, utajigeuza mwenyewe."

Perez akasikia kitanda kikilia mara moja, kikanyamaza, halafu kikalia tena. Alikuwa anajaribu.