Maili za Ninang Soring

Kama ulizaliwa Jaro, katika mji wa Iloilo huko Ufilipino, na mama yako hakumwomba Soring akubebe kwenye maji ya ubatizo, basi ama wazazi wako walikuwa wageni, ama walikuwa na ugomvi wao na Mungu. Ninang, ndivyo huko wanavyomwita mama wa ubatizo, na ukiuliza Ninang tu bila jina, karibu na kanisa kuu, utaonyeshwa duka lenye mlango wa kijani, linalouza biskocho, vile vipande vya mkate mkavu wa siagi. Soring mwenyewe hakuzaa. Alisimama kwenye kisima cha ubatizo na watoto wa wenzake mara nyingi kiasi kwamba padri mmoja alimwambia angemwekea kiti chake pale pale.

Na hakuwa na mkono wa birika. Ninang wengine walitoa bahasha ndogo wakati wa Krismasi. Yeye alitoa tiketi za ndege.

Aliyemfundisha mchezo huo ni Renren, mtoto wake wa ubatizo, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa ng'ambo wenye hasira. Renren ndiye aliyemweleza kwamba shirika la ndege la Tagak humpa msafiri maili, na maili zikitosha hugeuzwa tiketi. Na zaidi ya hapo, Tagak huziuza maili zenyewe kwa yeyote mwenye fedha, tena kuna misimu ukinunua moja unapewa na ya pili bure. Mambo ya angani Soring hakuyajua, lakini mambo ya nyongeza aliyajua, maana aliuza biskocho maisha yake yote. Kila Tagak walipotangaza nyongeza, alinunua maili kama watu wanavyonunua mchele wakisikia kimbunga kinakuja.

Shabaha yake ilikuwa moja. Loleng, mdogo wake wa pekee, alikuwa Roma akitunza wazee wa Kiitaliano, akiwageuza kitandani na kuwabeba hadi bafuni, na kazi hiyo ilikuwa imemvunja mgongo. Hakuwahi kurudi nyumbani tangu aondoke akiwa kijana wa nywele nyeusi. Soring alitaka amrudishe kwa Kandelaria, sikukuu kubwa ya Jaro ya mwanzo wa Februari, akiwa amelala safari nzima kwenye kile kiti cha mbele kinachonyooka kikawa kitanda. Kiti hicho bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, lakini kwa maili kilifikika. Mara mbili alishamwekea, na mara mbili Loleng aliomba kiahirishwe. Mgonjwa wangu hana mtu, alisema. Soring akaelewa. Na kwa kuwa maili zilikuwa zimekaa tu, akawa anawachotea watoto: huyu ana mtihani Davao, yule ana mahojiano ya kazi Manila, yule mwingine mama mkwe wake amefariki Cebu. Kisha ananunua nyingine.

Sasa ipo desturi moja Jaro ambayo bila hiyo kisa hiki kisingekuwepo. Ukiletewa chakula kwenye sahani, sahani hiyo huirudishi tupu. Utaweka japo ndizi tatu. Soring alishika desturi hii kuliko katekisimu, na watoto wake wa ubatizo walimjua. Aliyepewa tiketi alikuja na kitu. Na chombo kimoja tu ndicho kilichokuwa hakijawahi kurudi katika nyumba ile: mkebe wa bati wenye picha ya mnara wa kanisa, aliomjazia Loleng biskocho siku alipopanda ndege kwenda Roma.

"Mkebe wangu je?" Soring humtania kila wanapoongea kwenye simu.

"Upo, Dada. Nitauleta nikipata cha kutia ndani."

"Hee! Roma nzima imekosa cha kutia kwenye mkebe?"

Na Soring hucheka hadi unga unapaa kutoka kwenye aproni.

Mwezi wa Januari, kiti cha tatu cha Loleng kikiwa kimeshawekwa, Tagak waliandika kwamba akaunti ya Soring imefungiwa kwa uchunguzi. Maili nyingi mno za kununua, walisema, na abiria wengi mno wenye majina ya ukoo yasiyofanana. Sheria ilimruhusu mwenye akaunti kuwapa tiketi ndugu na marafiki, ila si kuziuza wala kuzibadilisha kwa kitu. Ofisa wao angependa kuzungumza naye, ana kwa ana, kupitia kompyuta.

Renren alikuja na kompyuta yake na uso wa mtu anayemsindikiza mgonjwa hospitalini.

"Ninang, sikiliza. Atakuuliza kama ulipewa chochote. Useme hapana."

"Niseme uongo?"

"Si uongo. Ni... kunyamaza kwa adabu."

"Mimi nikinyamaza kwa adabu huwa nimeshika kisu cha mkate," alisema Soring, kwa ile sauti ya watu wa Iloilo ambayo hata wakikutukana utadhani wanakubembeleza ulale.

Ofisa alikuwa binti wa Manila aitwaye Abegail Sumcad, mwenye miwani mikubwa na mafua. Alimwamkia vizuri. Aliuliza kuhusu majina.

"Wote ni wanangu," alisema Soring.

"Wote hawa, Mama? Kila mmoja ana ukoo wake."

"Ubatizo, mwanangu. Kwani wewe huna Ninang?"

"Ninaye, Mama. Hunipa taulo." Abegail alipenga kamasi. "Sasa niambie, kuna yeyote kati yao aliyekupa kitu kwa ajili ya tiketi?"

Renren, aliyejificha nyuma ya kabati la vioo, alitikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Soring alimwona. Akamwona pia, moyoni, Dodong, mwanawe mwingine wa ubatizo, akishusha nguruwe kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, jasho likimtiririka. Amkane Dodong mbele ya mtu wa Manila? Aseme kijana wa Jaro alirushwa angani kwenda na kurudi, halafu akapita mbele ya nyumba ya Ninang wake mikono mitupu kama asiyelelewa?

"Kuna yeyote?" alisema Soring. "Wote! Dodong alileta nguruwe."

"Nguruwe."

"Mzima, amefungwa utepe. Picha ipo, mwenyewe aliiweka mtandaoni. Inday Weng alileta kaa, kikapu kimejaa, majike wenye mayai. Yule wa mtihani alileta wali wa kunata wa mama yake. Yule wa Cebu, maskini, pamoja na msiba wote ule, alinikumbuka kwa samaki wakavu. Na Boyet alileta jogoo wa kupigana, ingawa huyo alikufa pambano la kwanza."

"Boyet?"

"Jogoo, mwanangu. Boyet yupo, ana watoto wawili."

Nyuma ya kabati kulisikika mtu akigonga paji la uso kwenye ukuta. Abegail alivua miwani. Alikuwa binti mwema, na hili Soring alilisema hata baadaye: yule binti alimtupia kamba.

"Mama Soring," alisema polepole, "huenda hizo zilikuwa zawadi tu za Krismasi. Hazihusiani na tiketi. Sivyo?"

Ilitakiwa aseme ndivyo tu. Neno moja, waagane. Lakini Soring aliona damu ikimpanda masikioni.

"Hazihusiani? Yaani watu wangu hawajui aliyewapeleka? Dodong kafuga nguruwe yule tangu siku aliyoshuka kwenye ndege! Niliwabeba kwenye maji nikaahidi mbele ya Mungu watakuwa watu wenye adabu, na ni wenye adabu. Andika hivyo. Kila tiketi ilijibiwa. Kila moja!"

"Nimeandika, Mama," alisema Abegail, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya huzuni.

"Ninang," alisema Renren skrini ilipozima, "umejipalia makaa, kisha ukayapuliza mwenyewe."

Akaunti ilifungwa kabisa wiki ile. Maili zote zilifutwa, za kupewa na za kununua, na kiti cha Loleng kikafutwa pamoja nazo.

Soring alishusha mlango wa kijani mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya mafuriko. Alikaa kwenye kiroba cha unga akalia. Hakulilia fedha. Alilia kwa sababu mgongo wa mdogo wake ungebaki Roma, ukiinamia watu wengine, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango kwa majivuno ya nguruwe. Nje alisikia watoto wakija na sahani zao za pole, wakigonga, wakinong'ona, wakiondoka. Hakufungua. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumpa mtu, na aibu ya hilo ilimwelemea.

Loleng alipiga saa ile ile ya kawaida, asubuhi ya kwake, kabla ya kumwamsha mgonjwa.

"Nimekuharibia," alisema Soring, akamweleza yote, mpaka jogoo.

Loleng alicheka hadithi ilipofika kwa jogoo.

"Dada, nikuambie kitu? Hata hicho cha tatu ningekiahirisha."

"Kwa ajili ya mgonjwa?"

"Mgonjwa ana binti wawili, wote wanakaa mtaa huu huu. Si mgonjwa. Ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe, na nguruwe wako na kaa wako. Mtu anayerudi kutoka Ulaya anatazamwa mikono kwanza, uso baadaye, unajua. Sasa mimi nije kama mdogo wa Ninang Soring, Ninang wa nusu ya Jaro, anayegawa ndege kama pipi! Ningebeba nini, Dada? Mshahara wangu nilisomeshea watoto wa binamu, nikamzikia Baba. Kila mwaka najaribu kujaza mzigo wa zawadi, kila mwaka haujai. Na kila tukiongea, unaniuliza mkebe."

"Nilikuwa natania!"

"Najua ulikuwa unatania. Hata hivyo ulikuwa unauliza."

Soring alikumbuka simu zote zile, na kicheko chake mwenyewe, na ukimya mdogo wa upande wa pili ambao siku zote aliudhania ni mtandao.

"Sasa," alisema Loleng, "kweli huna kitu?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Hata maili ya kunivusha barabara."

Kutoka Roma kikaja kicheko, kile cha utotoni, cha kupitia puani. "Basi sasa ndiyo nakuja. Na tiketi nitanunua mwenyewe."

Ilikuwa tiketi ya nyuma kabisa, karibu na choo, kwa shirika jingine lililotua jangwani njiani. Renren alitaka kupeleka uwanjani bango lenye picha ya Loleng, jinsi watu wanavyofanya, na gari la kubebea masanduku. Soring alimkatalia vyote viwili. Renren akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Walimkuta Loleng amesimama mlango wa kutokea, amepinda kidogo upande wa kushoto, nywele nyeupe, begi moja dogo begani. Chini ya kwapa alibeba mkebe. Picha ya mnara ilikuwa imechakaa hadi kubaki mstari. Walitazamana kwanza, kila mmoja akishangaa alivyozeeka mwenzake. Kisha Loleng akanyoosha mikono miwili.

"Chombo chako, Dada."

Soring aliupokea, na kwa mazoea ya maisha akautikisa sikioni. Kimya. Loleng alikuwa ameinua kidevu, akingoja.

"Umeuosha?" aliuliza Soring.

"Nimeuosha."

"Haya. Twende, mgongo huo haujaumbwa kwa kusimama."

Jaro, bila shaka, siri haikukaa. Walipofika, nje ya mlango wa kijani, uliokuwa bado umeshushwa, watu walikuwa wamejaa: Dodong, Inday Weng, Boyet na wanawe wawili, na kina mama waliotoka tu kutupa taka wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Macho yote yalishuka kwenye mikono ya Loleng, halafu kwenye lile begi dogo, halafu nyuma ya gari, ambako hakukuwa na kitu. Soring alimhisi mdogo wake akisita ubavuni mwake, mguu mmoja ukibaki garini.

Akashuka yeye kwanza. Akaufungua mkebe, akauinua juu wote wauone ndani, akauzungusha taratibu kulia na kushoto kama padri mwenye chetezo.

"Mkebe wangu umerudi," alisema.

Watu walichungulia. Dodong, ambaye Mungu alimpa nguruwe akamnyima busara, alinyoosha shingo.

"Ninang, mbona hauna kitu?"

"Nani kakwambia?" alisema Soring kwa sauti ile ile ya kubembeleza, na machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Mpokee mama yako mdogo begi, na ufungue mlango. Leo tunauza."