Jasho la Mukhwana

Saa nne asubuhi Dinah alikuwa sokoni Kamukuywa akipanga vitunguu kwa mafungu, vitano vitano, blauzi yake ilipolowa mgongoni. Kulikuwa na baridi na wingu lilikuwa limefunika mlima. Khadijo, aliyeuza ndengu kwenye meza ya pili, alimtazama.

"Ati leo umeoga na nguo?"

"Jasho si langu," Dinah alisema. "Kitale jua limetoka."

Khadijo alimpa leso ajifute, akaendelea kupima ndengu.

Jasho lilikuwa la pacha wake, Mukhwana, aliyekata maua ya waridi katika shamba moja nje ya Kitale, ndani ya nyumba za plastiki ambazo kufikia saa nne huwa zimeshika moto. Wafanyakazi walinywa maji mara moja tu, saa saba, kwa sababu anayekunywa huenda choo, na waridi halingoji. Mukhwana hakuhisi kiu. Ovaroli yake ilikaa kavu, na kipimajoto cha langoni kilimsoma nyuzi thelathini na saba asubuhi na jioni. Linet, msimamizi wao, alimsimamisha mbele ya wenzake akawauliza kwa nini wao hawawezi kuwa hivyo.

Januari Dinah alianza kupasuka midomo. Alikuwa akinywa ndoo nzima ya maji kwa siku na yote yakitokea kwenye ngozi. Kemboi, daktari wa zahanati, alimpima damu na mkojo. Alimweleza kwamba kila mwili una kiwango chake cha maji, chumvi na joto, na hufanya juu chini kukilinda. Wa Dinah haukuwa na kasoro, ila ulikuwa unalinda watu wawili. Alimwandikia maji ya chumvi na sukari, na chini yake akaandika: pacha wake apewe maji.

Dinah alimpigia Mukhwana simu.

"Maji nakunywa mimi, jasho natoa mimi, sifa unapewa wewe. Mapacha gani haya, bana?"

Walicheka wote wawili. Kisha Dinah akasema polepole, "Mukhwana, omba ruhusa. Nakwisha."

Mukhwana alimpelekea Linet karatasi ya daktari, ambayo Dinah alimtumia kwa matatu. Linet aliisoma hadi mwisho. Alisema inamhusu mtu ambaye si mfanyakazi wa shamba, na kwamba ruhusa zitatolewa baada ya tarehe kumi na nne Februari, maua ya Siku ya Wapendanao yakishasafirishwa. Mukhwana alirudi kwenye mstari wake. Alihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa tisa.

Dinah alikufa siku ya sita, saa nane mchana, akiwa mwepesi kiasi kwamba mama yao alimbeba peke yake kutoka kitandani.

Mukhwana alipewa siku moja ya mazishi. Alilia bila machozi. Waliobeba jeneza waliona mbao zimelowa upande wa kichwa. Wakazipangusa kwa leso, wakaendelea kuliteremsha.

Watu wa nyumbani walidhani sasa jasho litamrudia mwenyewe. Halikurudi. Saa nne ikifika udongo wa kaburi ulilowa, na jioni ukabaki na unga mweupe juu yake. Ng'ombe wa jirani yao Wabwile walianza kuja kulamba chumvi hiyo, naye Wabwile akakata miiba akazungusha ua bila kuulizwa. Mama yao aliangalia mambo hayo wiki nzima. Kisha akaanza kuchota maji mtoni na kuyamwaga kaburini kila alfajiri, taratibu, upande wa kichwa.

Machi wasichana walikuja langoni kwa shamba kutafuta kazi. Linet aliuliza ni nani kati yao ana pacha. Wawili waliinua mikono, wakaingizwa. Saa ya kunywa maji ilibaki ile ile.

Mama yao sasa humpigia Mukhwana simu kabla ya kwenda mtoni.

"Leo mtatoka saa ngapi?" aliuliza jana.

"Kumi na mbili, Mama. Kuna oda."

"Na jua?"

"Litakuwa kali."

Mama alikata simu, akachukua na jerikeni la pili.