Madole Gumba ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Saa mbili asubuhi Nicanor Ouko alitia makaa kwenye pasi, akaipuliza, akaanza kupiga pasi karatasi. Alikuwa amefanya hivyo kila siku ya kazi tangu Januari 1967, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya nyaraka mjini Homa Bay. Karatasi zilikuwa za kesi za zamani za mashamba, zilizoletwa kwa magunia kutoka Ndhiwa. Alinyoosha mikunjo, alitoa pini zilizoota kutu, alisugua masizi kwa sehemu laini ya mkate wa juzi. Zikishakuwa safi alimpa Mwikwabe, mpiga picha, aliyezilaza moja moja chini ya kamera baina ya taa mbili.

Picha zilikwenda Nairobi. Huko kulikuwa na mashine ya majaribio iliyosoma herufi yenyewe, bila karani na bila chai ya saa nne, na kesi za mashamba ziliamuliwa kwa kile ilichosoma. Ilitaka karatasi nyeupe na herufi nyeusi, basi. Waraka wa maagizo ulisema chochote kisicho herufi ni doa, na doa huondolewa. Chai ni doa. Samli ni doa. Alama ya dole gumba, kwa mujibu wa kifungu cha sita, ni doa.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito, kwa sababu mashahidi wa zamani hawakujua kuandika, na karani wao alibandika madole yao bila kuandika jina hata moja kando. Hakuona haja. Kila mtu pale alijua dole la nani ni lipi: la Cephas Oloo lilikuwa na kovu la jembe katikati, la jirani yake lilikuwa pana kama kijiko. Nani huandika jina la ng'ombe juu ya ng'ombe wake mwenyewe?

Jumatatu moja Nicanor alikwangua madole themanini kwa wembe. Jumanne saa nne wenye madole walifika.

Walikuwa wamekufa wote, na baadhi yao bado walikuwa na udongo mwekundu nyweleni. Tarishi aliwaambia wapanguse miguu, wakapangusa. Walipanga foleni kwenye veranda, wakaomba pedi ya wino, na kila mmoja alipata ukurasa wake, akarudisha dole pale pale lilipokuwa, akashukuru, akaenda zake. Nicanor aliandika barua kuomba pedi nyingine. Jumatano alikwangua upya. Alhamisi wakarudi. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, hata mgongo wake ukaanza kumuuma upande mmoja tu, ule wa wembe.

"Jaduong', mnanichosha," alimwambia Cephas Oloo, aliyefariki mwaka wa hamsini na tatu.

"Na wewe unatukwaruza," mzee akajibu. "Hii kidole inaniwasha mpaka kule chini. Mimi nilishuhudia nikamaliza. Sasa mbona unaniita kila wiki?"

Mwikwabe alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba wino mbichi ulichafua kioo chake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka Nicanor astaafu, kama si Phelesia. Alikuja Alhamisi, hai, ametoka Ndhiwa alfajiri kwa miguu. Alisimama nyuma ya marehemu kwa kuwa hiyo ndiyo foleni iliyokuwapo. Mumewe alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, akamwachia binti wanne na shamba la kando ya mto. Shemeji yake Javan alitaka kumrithi pamoja na shamba. Phelesia alipomkataa, Javan aliandikisha barua kwa taipureta, akisema shamba ni lake tangu zamani. Ushahidi wa Phelesia ulikuwa ukurasa wa arobaini na moja tu wa faili la zamani. Ulikuwa makubaliano ya 1948, siku wazee watano walipotembea kutoka kwenye mkonge mpaka mtoni wakasema hapa ni pa mumewe. Chini yake palikuwa na madole matano.

"Min Pamela," Nicanor alimwambia, kwa jina la binti yake mkubwa, "hii karatasi yako mashine haitaisoma."

"Kwani haina macho?"

"Iko na macho ya herufi tu."

Phelesia aligeuka akaitazama foleni. "Si wazee ndio hawa? Waulize."

Nicanor aliwauliza. Cephas Oloo na wenzake wanne walisogea mbele wakaeleza walivyotembea siku ile, wakabishana kidogo kuhusu jiwe moja, wakakubaliana. Nicanor alichukua kalamu akaandika majina matano kando ya madole matano, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Kwa mara ya kwanza mwaka ule aliipenda kazi yake.

Bwana Caleb, mkuu wa ofisi, aliuona ukurasa kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vidonda vya tumbo na tarehe ya mwisho.

"Hii wino ni ya lini?"

"Ya leo, bwana."

"Na makubaliano?"

"Ya arobaini na nane."

"Basi umeghushi."

"Wenyewe wako hapo nje, bwana."

Bwana Caleb alitoka nje. Cephas Oloo alikuwa mjomba wa mama yake, kwa hiyo alimsalimu kwa mikono miwili na kumuuliza habari za kule. Kisha alirudi ndani.

"Nimewaona," alisema. "Lakini maiti haulizwi sanda, sembuse shamba. Futa."

Nicanor aliyafuta majina. Madole hakuyagusa. Alimpelekea Mwikwabe ukurasa ukiwa hivyo hivyo.

"Itakataliwa," Mwikwabe alisema.

"Piga tu."

Mwikwabe alipiga. Akapiga tena mara ya pili bila kuombwa.

Filamu ilikwenda Ijumaa. Majibu yalirudi baada ya wiki sita. Barua ya Javan ilikuwa imesomwa yote, pamoja na makosa yake ya tahajia. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mstari mmoja: mashahidi, hakuna; madoa, matano.

Nicanor ndiye aliyemsomea Phelesia. Aliona aibu, na aibu ile haikupungua aliposoma mara ya pili polepole. Wazee watano walisimama mlangoni wakasikiliza. Cephas Oloo alivua kofia. Shamba lilikuwa limekwenda kwa Javan, na Phelesia na binti zake walipewa mpaka mwisho wa mavuno kuhama.

Ilibaki fomu moja ya kuonyesha kwamba amepokea amri hiyo na ameielewa. Bwana Caleb aliisukuma mbele yake pamoja na kalamu.

"Mimi sijui kuandika," Phelesia alisema.

"Si neno, mama. Kidole inatosha."

Akamshika mkono kwa upole, akakibonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Phelesia alikitazama alichoweka.

"Na hii, nani ataisoma?"

"Hii inasomeka vizuri sana," Bwana Caleb alisema, akaigonga muhuri.