Kibonge

Nesi aliyepima watoto wa chekechea alikuwa na mdomo, na watu walimpendea mdomo huo. Siku hiyo alikwisha kupima watoto sitini na wawili, mgongo unamwaka moto, na foleni bado ilikuwa imefika mlangoni. Wazazi walibanana kwenye viti vya kitoto, magoti yakikaribia videvu.

Zamu ikamfikia binti wa fundi cherehani, miaka minne. Mashavu yamejaa, kope zimevimba, tumbo limetangulia mbele. Akasimamishwa kwenye ubao wa urefu, kisha kwenye mizani. Nesi akaweka nukta ya uzito kwenye chati, juu ya mstari wa juu kabisa.

"Haya Kibonge, shuka usije ukanivunjia mizani!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto naye akacheka, akidhani amefanya jambo zuri.

Fundi hakucheka. "Lakini dada, mwezi jana hakuwa hivi. Na chakula anadonoa tu."

"Mama, unene hauletwi na upepo. Mpunguzie. Anayepakua si wewe? Haya, mwingine!"

Nesi alijua vizuri kwamba mtoto aliyenenepa ghafla hubonyezwa mguu kwa kidole gumba, kuona kama ni mafuta au maji. Ni kazi ya sekunde chache. Aliutazama ule mguu, akaitazama foleni, akamwita mwingine.

Wiki tatu baadaye nesi huyo alikuwa zamu hospitalini, wodi ya watoto. Fundi akaingia amembeba binti yake, macho yamevimba hadi yamefumba, miguu haiingii kwenye viatu. Daktari akabonyeza ugoko. Shimo likabaki palepale.

"Figo hizi. Ni maji, si mafuta. Anakula nini?"

Fundi akaeleza yote. Nusu sahani, kisha robo. Mtoto alizidi kufura, yeye akaamini anadokoa jikoni, akamchapa.

"Nani alikuambia umnyime mtoto chakula?"

"Si huyu dada?"

Ulimi wa nesi haukumwangusha. "Daktari, mimi wote niliwaambia wawalete kliniki. Wazazi wengine wanasikia wanachotaka."

Daktari akamgeukia fundi. "Ungemleta siku ileile, leo tusingekuwa hapa. Wewe ni mama wa namna gani?"

Fundi akamtazama nesi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe asikione.

"Labda sikusikia vizuri," alisema.

Maji yaliyojaa tumboni yalishaingiwa na maambukizi. Siku nne nesi alimwogesha mtoto, akambadilishia shuka, akamlisha uji kwa kijiko kidogo, na kila kijiko mtoto aliuliza kwanza kama anaruhusiwa. Siku ya tano alfajiri akakata roho.

Fundi alipokwisha kulia, alikuja kwenye meza ya manesi, akaishika mikono ya nesi kwa mikono yake miwili.

"Asante, dada. Umemtunza mwanangu kuliko mimi. Mungu akulipe."

Nesi akaitikia, "Amina."