Shukrani Iliyotangulia Barua

Ibada ya shukrani ilikuwa imepangwa Jumapili. Barua ikamfikia Seth Ijumaa mchana.

Kwa miaka sita, kila alipotoka kazini kwenye kampuni ya kuchimba visima, alipita chumbani kwake Makole kunawa grisi, kisha akaenda darasani. Alihitimu shahada ya uhandisi wa vitendo akiwa na miaka arobaini na saba. Alimwomba Mungu jambo moja tu: cheo cha mhandisi, asaini kwa mkono wake michoro ambayo miaka yote aliichora yeye, wakasaini wengine. Mama yake, Ruthu, aliamini hata akamwendea mchungaji wao kule Buigiri kupanga ibada kabla jibu halijatoka. Kushukuru kwanza, alisema, ndiyo imani yenyewe.

"Kaka Seth, kaa kwanza," alisema Shamila, afisa utumishi, akimkabidhi barua hiyo.

"Nikikaa itabadilika?"

"Wafadhili wa visima wanataka mhandisi mwenye shahada ya chuo kikuu. Yako ni ya vitendo."

"Kwani tunachimba kwa nadharia?"

Shamila alicheka, akajizuia. "Mimi nasoma walichoandika. Wanasema hisabati yenu ni ndogo. Ukitaka, uanze chuo kikuu, mwaka wa kwanza."

"Na niliyosoma?"

"Niliuliza. Hawahesabu hata somo moja."

"Nitamaliza nina hamsini na moja, kazi nimeiacha."

Shamila akashusha macho. "Nafasi amepewa Gaudence."

Gaudence alikuwa na mwaka mmoja tu tangu atoke chuo kikuu. Kushusha pampu kisimani alifundishwa na Seth.

Jumapili Seth alisimama mbele ya kanisa, mama yake amemshika mkono. Alikuwa amekusudia kusema kweli, akaisema.

"Wapendwa, nafasi sikupata. Barua ninayo hapa. Naomba msiniite mhandisi."

Mwinjilisti Cornel akainuka. "Mnauona unyenyekevu huo? Hiyo ni barua ya wanadamu! Mhandisi Seth, pokea!"

"Pokea!" waliitikia wote, mikono imenyooshwa kumwelekea. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikaanza. Seth aliinamisha kichwa. Alitafuta neno la kumwambia Mungu, hata la lawama, asilipate.

Nje, mama akamvuta pembeni.

"Mwanangu, mimi nimesikia. Hukupata."

"Sikupata, mama."

"Lakini ulisoma."

"Nilisoma."

"Na cheti ni cha kweli?"

"Cha kweli kabisa."

"Sasa mbona hawakitaki?"

Seth alitaka kumweleza tofauti ya shahada hizo mbili kwa Kigogo, lugha ambayo mama aliielewa vizuri zaidi. Akaanza, akaishia njiani. Aliona hata yeye mwenyewe haielewi. Watu wakaja kumpa mkono wa pongezi.

Jumatatu walikuwa Mlali, yeye na Gaudence, kwenye kisima kipya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Pampu tuishushe mita ngapi?"

"Sabini." Gaudence alimwonyesha kompyuta yake. "Nimerudia hesabu mara tatu."

Hesabu haikuwa na kosa. Lakini kina cha maji kilikuwa kimepimwa Aprili, mvua zikiwa zimetoka kuisha, na Seth alijua maji ya huku hushuka sana kiangazi. Kwa mita sabini, Oktoba pampu ingebaki juu ya maji na kuungua. Angeweza kunyamaza. Jina kwenye karatasi lingekuwa la Gaudence. Ila watakaokosa maji ni watu wa Mlali.

"Weka tisini," alisema.

"Una hakika, fundi?"

"Nina hakika."

"Basi nipe sababu, niandike kwenye ripoti."

Seth alimweleza polepole, na Gaudence akaandika yote kwa maneno ya chuoni. Alipomaliza akasaini, na chini ya jina lake akaandika cheo.

"Ahsante sana, fundi. Mungu akubariki."

Seth hakuitikia amina. Alivaa glavu, akashika mnyororo, akaanza kuishusha pampu.